Mkono wa Mama Mstari

Siku Bata lilipoelea kwa mara ya kwanza hakuna aliyepiga makofi. Watu wa karakana walicheka. Walicheka mpaka mchomeleaji mmoja akakaa chini kwenye kokoto akishika mbavu, maana lile dude la chuma, ambalo nchi kavu lilitembea kwa maringo kama limemeza gwaride zima, lilipoingia majini lilianza kutikisa makalio. Pangaboi zake mbili za nyuma zilikuwa bado hazijapatana: hii inavuta huku, ile inavuta kule. Ndipo likaitwa Bata. Kwenye makaratasi ya jeshi lilikuwa na jina refu la kuchosha, gari jepesi la upelelezi, la magurudumu, la nchi kavu na majini. Sasa nani ana pumzi ya kusema yote hayo huku anatafuta spana?

Aliyelichora alikuwa mhandisi, mama mkali wa maneno, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu na viatu vya kazi vyenye ncha ya chuma ambavyo hakuvivua hata akienda benki. Karakana nzima ilimwita Mama Mstari. Jina hilo alilipata kwa kazi ya mikono yake mwenyewe: kabla ya Bata kuguswa na tone la maji, alichukua brashi na kopo la rangi nyeupe, akapiga magoti, akalizungushia ubavuni mstari mmoja, kiganja kimoja chini ya wavu unaoingiza hewa kwenye injini. Hakumwachia fundi wa rangi. Alisema maji yakiwa chini ya mstari huu, hili ni gari linaloelea. Yakiugusa, hili ni sufuria. Na sufuria, alisema, ina kazi yake jikoni, haina kazi vitani.

Nyuma ya karakana kulikuwa na machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji. Maji ya kijani, baridi, yametulia kupita kiasi. Kuhusu kina chake, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Upande mmoja walichonga mteremko wa kuingilia, upande wa pili wa kutokea, na katikati, juu ya ukingo, kulikuwa na jabali lililotokeza kama kibaraza. Pale jabalini ndipo mahali pa Mama Mstari.

Naomba hapa tuelewane, maana mambo yote yametokea hapa. Dereva wa Bata anakaa mbele, chini. Gari likiingia majini, ubao mpana unainuliwa puani ili mawimbi yasipande juu. Ubao ukishasimama, dereva ni kama mtu aliyefunikwa kikapu: haoni maji, haoni ubavu wa gari lake, haoni mstari. Anaona kipande cha mbingu na lile jabali. Redio za kofia za mwanzo zilikuwa zinakoroma tu masikioni, husikii neno. Basi Mama Mstari akapanda jabalini akanyoosha mkono. Mkono juu, endelea. Mkono chini, geuza sasa hivi, usiulize, utaambiwa nchi kavu. Redio nzuri zilikuja baadaye, zikabaki kwenye maboksi yake. Nani angeacha mkono wa mama akasikilize kisanduku?

Na dereva mwenyewe hakuwa mtu baki. Alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa tumbo moja. Walimwita Usukani. Alikuwa anaendesha malori ya mizigo, Mama Mstari ndiye aliyemleta karakana, kwa sababu hajawahi kumwona mtu anayesikia gari kwa makalio kama yule. Ila kuogelea, hapana. Karakana ilimpeleka kujifunza, mwalimu akamrudisha na ujumbe kwamba mtu huyu anaogelea kama nyundo. Hadithi hiyo hakuisambaza mwalimu. Aliisambaza Usukani mwenyewe, kila mgeni akija, akiipamba na kuiongezea chumvi.

Jaketi la kuelea alikuwa nalo. Lakini mlango wa juu wa dereva ulikuwa mwembamba, ukivaa jaketi hupiti, kwa hiyo jaketi lilikaa nyuma ya kiti, limekunjwa vizuri, halimsaidii mtu.

"Shemeji," alikuwa akimpigia kelele kutoka mlangoni, kichwa tu kikiwa nje, "nikizama, mdogo wako utamwambiaje?"

"Nitamwambia apate mwingine haraka, mwenye gari lisilotikisa makalio!"

"Na watoto?"

"Watoto ni wangu, mimi ndiye mama yao mkubwa. Wewe ni dereva tu. Washa gari!"

Anacheka, anazama ndani, ubao unasimama, na kuanzia hapo anatazama mkono. Walivuka shimo lile mara zisizo na idadi. Mara mbili tatu mkono ulishuka, mara moja kwa sababu kizibo cha chini kililegea, na Usukani akageuza bila hata kupunguza mwendo, kama mtu aliyevutwa kwa kamba. Akitoka huwa haulizi kulikuwa na nini. Anafuta mikono kwa kitambaa, anauliza chai iko wapi.

Basi jeshi likaanza kuongeza. Wanajeshi ni kama wageni wa harusi, sahani ikishajaa ndipo wanakumbuka kuna nyama. Mara chuma cha ubavu kiwe kinene zaidi. Mara kiti cha mtu wa nne. Mwisho wakataka kofia kubwa. Kofia ndilo jina tulilokipa kile kibanda cha chuma cha juu kinachozunguka na bunduki yake. Bata lilikuwa na kofia ndogo ya adabu, wao wakataka ile ya magari makubwa. Mama Mstari alikuwa na kila sababu ya kukataa. Hesabu zilikuwa kichwani mwake, na alijua kuwa kila kinachoongezwa juu kinalipiwa chini, kwenye maji.

Na angekataa, kama si kinywa cha mtu mmoja. Kwenye kikao, mzee mmoja wa kamati, mwenye tumbo lililoanza kikao kabla yake, aliinamia jirani yake akasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu mama ametutengenezea karai la kufulia." Watu wakacheka. Mkurugenzi wa karakana naye akacheka, huyo ndiye aliyemuuma zaidi. Mama Mstari damu ikampanda.

"Wekeni kofia mnayoitaka," alisema. "Litaelea."

Neno limetoka, limetoka. Kwenye gari, akirudi nyumbani, alikuwa tayari anajilaumu. Alifanya kazi kama punda wiki zilizofuata: akapunguza bati hapa, akatoboa pale, akabadilisha tangi la mafuta. Na kweli, Bata lenye kofia kubwa liliwekwa majini likaelea. Maji yalisimama upana wa kidole chini ya mstari. Kidole. Usukani alitoka akasema gari limekuwa zito la kichwa, linainama kama mlevi anayetaka kusalimia, lakini linakwenda. Mama Mstari akashusha pumzi. Aliona amewaziba midomo.

Ikatangazwa kwamba Jenerali anakuja kuliangalia.

Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama Mstari alipita kwa mdogo wake. Alimkuta anapiga pasi ovaroli ya mumewe, ile ya kijivu, akibana mikunjo ya suruali kana kwamba mtu atakayeivaa anakwenda kupigwa picha ya pasipoti.

"Anakaa ndani ya chuma, nani ataiona hiyo mikunjo?" Mama Mstari akamtania.

"Akitoka wataiona." Mdogo wake akaigeuza ovaroli. "Dada, mimi Jenerali simwogopi. Naogopa lile shimo."

"Ulishaliogopa tangu mwaka juzi."

"Naliogopa bado. Nikimwambia, ananiambia, we mwanamke hebu nipishe, mkono wa dada yako ukiwa juu mimi ni kama niko kitandani. Anasema haangalii kitu kingine kabisa." Akainua macho. "Kweli haangalii kitu kingine?"

"Hakuna kingine cha kuangalia, mdogo wangu."

"Basi." Akarudi kwenye pasi. "Nimesema tu nisikie sauti yangu. Chukua maandazi hapo, au ushaanza tena mambo yako ya kupunguza uzito?"

"Uzito ninaopunguza si wangu," alisema Mama Mstari, na wote wawili wakacheka mpaka mtoto chumbani akauliza kuna nini.

Asubuhi machimbo yalikuwa yamefagiliwa. Hebu fikiria, mtu kafagia machimbo! Viti vilipangwa chini ya turubai, kipaza sauti kikapiga miluzi. Mama Mstari alikuwa anazunguka Bata kwa mara ya mwisho, akikaza vizibo vya chini kwa mkono wake, alipoona mlango wa nyuma uko wazi na vijana wa stoo wanapakia masanduku ya risasi.

"Hayo yana nini?"

"Mchanga, mama. Mkurugenzi kasema."

Alimfuata Mkurugenzi chini ya turubai. Mkurugenzi alikuwa amevaa tai mpya na alikuwa anatabasamu kabla hajaona anamtabasamia nani.

"Umejaza mchanga kwenye gari langu."

"Jenerali anataka kuliona na mzigo wake kamili. Sasa nimwonyeshe gari tupu? Si uliwaambia litaelea?"

"Nimelipima bila risasi! Kuna kidole kimoja tu!"

"Mama," alisema Mkurugenzi, akamshika kiwiko, akamgeuza kidogo ili migongo yao iwaelekee wageni, "wewe ulisema mbele ya kamati nzima, wekeni mnachotaka. Mimi nilikuwepo. Unataka sasa hivi nipande pale kwenye kipaza sauti niseme ulikuwa unatania?"

Hapo ndipo alipotakiwa kupanda yeye kwenye kipaza sauti. Ilikuwa hatua chache tu. Aliona lile tumbo la kamati limekaa mstari wa mbele, limeweka kofia gotini. Akajiambia: mkono ni wangu. Nikiona maji yamegusa, nitashusha, na Usukani atageuza kabla hawajamaliza kunong'ona. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Tatizo halikuwa hesabu.

Hakumwambia Usukani habari za mchanga. Alikuwa ameshaingia ndani.

Akapanda jabalini, akanyoosha mkono. Akasikia nyuma yake viatu vinapanda, akageuka, kumbe Jenerali mwenyewe, mzee mrefu mpole, hataki kukaa chini ya turubai kama bibi harusi. Nyuma yake Mkurugenzi, anahema.

"Na huo mkono, mama?" aliuliza Jenerali.

"Ni wa dereva, mheshimiwa. Haoni kitu akiwa majini. Mkono ukiwa juu anajua ni salama."

"Ahaa." Jenerali akafurahi kweli. "Basi usiushushe!"

Wote wakacheka. Mama Mstari naye alicheka, na kicheko hicho amekijutia kuliko mambo mengi.

Bata liliteremka, likaingia, likazama pua, likainuka. Pangaboi zikashika. Maji yalipanda ubavuni yakakaa chini ya mstari, kwa hiyo mkono ukabaki juu, na ilikuwa haki. Kisha gari likaacha kivuli cha ukingo, likaingia eneo la wazi, na kofia ile kubwa ikaanza kuegemea. Maji yakagusa mstari.

Alijiambia ni wimbi. Wimbi huja likaondoka. Hili halikuondoka. Upande wa kulia ule weupe ulikuwa unamezwa polepole, kutoka nyuma kuja mbele, na alikuwa anauona vizuri sana, kwa sababu ndiye aliyeuchora.

Shusha. Alijiambia shusha. Na Jenerali alikuwa kando yake anasema, "Safi, safi sana, linakwenda," na Mkurugenzi anasema, "Ndilo hilo, mheshimiwa," na chini kule yule wa kamati alikuwa amesimama ili aone vizuri. Likigeuka sasa, wataliona linageuka. Limefika nusu. Limepita nusu. Kurudi ni mbali kuliko kwenda, alijiambia, ingawa wakati maji yalipogusa haikuwa hivyo. Mkono ulikuwa kama umegandishwa pale juu, na hakuushusha. Bomba la pampu lilikuwa linatema maji ubavuni bila kupumzika. Mstari wote ulikuwa umekwisha kupotea, na maji yalikuwa yanalamba wavu wa hewa. Ndani ya chuma kile mume wa mdogo wake, anayeogelea kama nyundo, alikuwa anatazama mkono wake na kuuamini.

Kisha magurudumu ya mbele yakagusa mteremko. Injini ikakohoa, ikakohoa tena, ikashika. Bata likapanda nchi kavu maji yakimwagika nyuma kama mtu amepindua pipa, na chini ya turubai watu wakalipuka kwa makofi. Jenerali alimpa Mama Mstari mkono. Yeye akatoa ule wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado uko juu.

Alipofika chini, Usukani alikuwa ameshatoka. Ovaroli ilikuwa imelowa mpaka kifuani, mikunjo ya pasi imekwisha. Hakuwa anamtazama mtu. Alikuwa amesimama ubavuni mwa Bata ambapo vumbi la asubuhi lilikuwa limeacha alama safi kabisa ya mahali maji yalipofika. Aliweka kiganja chake juu ya mstari, na kiganja kizima ndipo kikaifikia alama.

Jenerali alikuja akamuuliza gari likoje. Usukani akapiga saluti. "Gari zuri, afande," alisema. Sauti ilikuwa yake, lakini meno yalikuwa yanagongana.

Walipobaki wawili aligeuka. "Shemeji. Mkono ulikuwa juu."

"Ndiyo."

"Maana nilisikia maji yamefika mapajani. Nikasema, labda ni pampu. Yakaja tumboni. Nikaangalia tena, mkono uko juu." Alifuta uso kwa kitambaa ambacho nacho kilikuwa kimelowa. "Nikasema basi, mimi ndiye mwoga."

Mama Mstari alitaka kumwambia. Alifungua kinywa na kilichotoka ni, "Waliweka mchanga."

"Eeh," alisema Usukani. "Nimeyaona masanduku." Akaenda kutafuta chai.

Kesho yake Mama Mstari aliingia ofisini kwa Mkurugenzi akasema mbele ya katibu na mbele ya mwakilishi wa jeshi kwamba gari lile na kofia ile halielei, kwamba maji yalipita mstari na yeye alishikilia mkono juu. Alisema kwa sauti kubwa, hakujali. Alisema tena kwenye kamati, na yule mwenye tumbo safari hii hakucheka. Mwishowe jeshi likaamua linaipenda kofia kuliko linavyopenda maji. Pangaboi zikafunguliwa, vizibo vya chini vikachomelewa, ubao wa puani ukatolewa. Likawa gari zuri la nchi kavu, mengi yakatengenezwa, watu wakapandishwa vyeo. Jina la Bata likafa lenyewe, maana halikuwa na maana tena.

Ukweli wa mkono ule Mama Mstari aliusema mbele ya wakubwa wote. Kwa Usukani alishindwa. Alimfuata mahali pa kuoshea magari, akamwita, "Shemeji, siku ile," na Usukani akamkatiza kwa upole, "Shemeji, yameisha," kisha akamuuliza kama karakana ina grisi ya kutosha. Mwezi haukwisha akaomba kurudishwa kwenye lori la mizigo. Utani nao ukaisha. Akimwamkia, anaamkia kwa heshima kamili, na heshima ile ilimkata maini. Nani alimwomba heshima?

Na mdogo wake hakuambiwa kitu. Usukani alimwambia pampu ilikaba, ndiyo maana alilowa. Siku Mama Mstari alipokwenda kuwaona, mdogo wake alimkumbatia mlangoni.

"Pampu ile ingeniachia ujane, dada. Kama si wewe pale juu! Ananiambia alitazama mkono wako mpaka akatoka."

Akamletea glasi ya juisi. Mama Mstari alikaa nayo mkononi. Angesema, nyumba ya mdogo wake ingekuwaje? Asiposema, yeye angekuwaje? Usukani alikuwa amekaa kiti cha pili, anavua viatu, hainui kichwa. Alikuwa amemfunika shemeji yake kwa uongo mdogo, tena bila kuombwa. Mama Mstari akanywa juisi yote.

Jumamosi moja alikuwa kwao tena, anasaidia kuchambua mchele uani, lori la karakana likaja. Usukani alikuwa ameazima lori alete mifuko ya saruji, wanataka kupandisha ukuta. Geti lilikuwa jembamba na lori lazima liingie kinyumenyume.

"Dada, msaidie huyo, asije akaning'olea nguzo!" mdogo wake alipiga kelele kutoka jikoni.

Mama Mstari akainuka akakung'uta gauni. Akaenda akasimama ndani ya geti, mahali ambapo vioo vyote viwili vingemwona. Alipima kwa macho kushoto, akapima kulia. Nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha. Kabla hajafikiri alichofanya, mkono ulikuwa umeshapanda.

Taa za nyuma ziliwaka. Lori likarudi kidogo. Alimwona kwenye kioo, uso wake, na macho yake yakikutana na ule mkono.

Lori likasimama. Injini ikazimwa. Alisikia breki ya mkono inavutwa, mlango ukafunguka, na Usukani akashuka. Alipita kando yake, akainama akaangalia nguzo ya kushoto. Akavuka akaangalia ya kulia, akaigusa. Akatazama chini ya matairi.

"Nafasi ipo, shemeji," Mama Mstari alisema.

"Naiona, shemeji."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira angejua la kujibu. Akapanda tena, akawasha, akatoa kichwa nje ya dirisha, na bega lote, shingo imegeuka nyuma mpaka mishipa imemtoka, akaanza kuingia polepole akiangalia kwa macho yake mwenyewe. Lori lilipita bila kugusa kitu. Dirisha lilipomfikia Mama Mstari, akapunguza mwendo.

"Shusha tu mkono, shemeji," alimwambia. "Utachoka bure."